Miaka 465 kwa usiku mmoja

Swali: "Assalamu alaikum, maalim. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Mombasa. Mwezi uliopita mimi na wenzangu wawili tuliandaa usiku wa kusimulia historia ya mji wetu, kwenye kiwanja kidogo karibu na Ndia Kuu. Walikuja watu kama arobaini. Nilianza na Vasco da Gama, 1498, nikakusudia kufika uhuru, 1963. Nilipofika kwa Wamazrui, ule ukoo uliowahi kuitawala Mombasa, nusu ya mikeka ilikuwa tupu. Tena kabla ya hapo mzee mmoja alinikatiza mbele ya watu akasema, 'Hayo sivyo yalivyokuwa.' Nikababaika, nikasahau nilipokuwa. Wenzangu wanataka turudie, mimi naogopa. Nifanyeje watu wasiondoke? Nikariri kila neno? Na je, naruhusiwa kutia chumvi kidogo ili kisa kikolee?"

Jibu: Wa alaikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikajikumbuka, maana na mimi nilianzia kwa Vasco da Gama. Sijui nani alitufunza sisi watu wa Mvita kwamba mji wetu ulianza siku mgeni alipotia nanga, ilhali mgeni mwenyewe alikuta bandari, misikiti na watu ambao hawakumtaka.

Kwanza tufanye hesabu. Toka 1498 hadi 1963 ni miaka 465. Tuseme ulikuwa na saa moja na nusu. Maana yake kila miaka mitano ilipata dakika moja, na hapo hujakohoa wala kunywa maji. Kwa dakika moja humjui hata jirani aliyehamia jana, seuze sultani. Walioondoka hawakuichoka historia. Walichoka kutambulishwa kwa watu wapya kabla hawajawazoea wa mwanzo. Ni kama harusi ambayo bwana harusi anakushika mkono mlangoni na kukutajia ukoo mzima, huku pilau unaisikia harufu kwa ndani.

Usiku mmoja mpe mtu mmoja. Na safari ya kumfuata mtu huyo ianzie kwenye kitu ambacho wasikilizaji wako wanakiona, au wanakipita kila siku bila kukitazama.

Nikupe mfano ninaoutumia mimi. Juu ya lango la Fort Jesus, ngome ya Wareno hapa mjini, kuna jiwe la maandishi ya Kireno. Hakuna mtoto aliyesoma kisiwani ambaye hajapita chini yake akiwa kwenye foleni ya ziara ya shule, ameshikana mkono na mwenziwe, mfukoni ana karanga. Huwa nauliza: "Nani hajapita pale?" Kimya. "Haya, nani amelisoma?" Hapo watu hucheka. Basi nawasomea mimi. Jiwe linasema habari za kapteni mmoja, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome hii mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Linasema aliijenga upya. Linaorodhesha na miji ya pwani aliyoiadhibu na kuitoza kodi, Pate na Siyu zikiwamo. Kijana wa miaka 27, umri wa makanga wa matatu ya Likoni, amejisifu juu ya jiwe na sifa zake bado tunazipita kwa kuinama.

Sasa hebu litazame tena lile neno: aliijenga upya. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Kuta za matumbawe, nene kweli kweli. Miaka 40 tu baadaye ilikuwa na nini hata ijengwe upya? Jiwe linagusia tu mfalme dhalimu na watu walioasi, bila jina wala kisa. Linajisifu kwa dawa bila kuueleza ugonjwa.

Hapo mwanangu ndipo kisa kilipo. Tafuta jambo ambalo kitu kinalinyamazia, uwape watu swali kabla hujawapa jibu. Ukishawaacha na "kwa nini" mkononi, hawaondoki. Watakaa hata mbu wakiwala.

Jibu la jiwe lile ni Yusuf bin Hassan. Babake, Sultani Hassan bin Ahmad, alikosana na Wareno, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko kwa uchochezi wao. Kichwa chake kilipelekwa Goa, makao makuu ya Wareno kule Bara Hindi. Yusuf naye, angali mtoto, akapelekwa huko huko Goa, akalelewa na watawa wa Kiagostino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Aliporudishwa Mombasa kutawala alikuwa mtu mzima, Mkristo kwa jina na mavazi, na waliomrudisha walidhani wametengeneza sultani wa kwao.

Mimi kisa hiki sikianzii Goa. Nakianzia kaburini. Kuna mtu alimchungulia Yusuf usiku akiwa kwenye kaburi la babake, anamwombea kwa namna ya Kiislamu. Habari ikafika kwa kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, na Yusuf akajua imefika. Hapo napunguza sauti, kwa sababu kila aliyekaa mkekani amewahi kuwa na siri ambayo mtu mwingine ameijua. Huhitaji kuwaeleza siasa za karne ya 17. Waulize tu: wewe ungefanya nini, ungekimbia au ungetangulia?

Yeye alitangulia. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, kapteni akauawa, na mji ukageuka. Waliouawa siku zile hawakuwa askari peke yao. Walikuwamo mapadri, wanawake, watoto, na watu wa hapa hapa waliobatizwa. Wasikilizaji wetu hupenda kumpigia Yusuf makofi, nami siwazuii, ila mahali hapo sipapiti mbio. Nasimama. Nawataja wote. Makofi hupungua yenyewe, na watu huanza kutazamana. Huo ndio wakati ninaoupenda kuliko wote katika kazi hii. Msimulizi anayewaacha watu wakishangilia mpaka mwisho amewauzia mechi ya mpira.

Mwanzoni mwa 1632 zikaja meli kutoka Goa, zikaizingira ngome, zikashindwa. Mwaka huo huo Yusuf mwenyewe akaivunja alivyoweza, akachukua jahazi akaondoka, akaishia kuwa haramia na kufia upande wa Bahari ya Shamu. Wareno wakarudi wakakuta magofu. Nikifika hapo nanyamaza kidogo, halafu nasema, "Twendeni tukalisome lile jiwe." Tunainuka wote na kurunzi zetu mpaka langoni. Ngome imefungwa, lakini jiwe liko nje. Hapo sisemi tena neno. Wao ndio husema.

Umeona kuna miaka mingapi humo? Minne au mitano hivi, na yote ina kazi. Mwaka usiobeba kitu uache nyumbani.

Sasa nije kwenye kukariri. Usikariri. Mtu aliyekariri husikika kama anasoma karatasi iliyo nyuma ya kichwa chake, na akikatizwa mara moja, kama ulivyokatizwa, anaanguka kwa sababu sentensi ya kumi ilikuwa imeshikiliwa na ya tisa. Shika vituo. Kisa cha Yusuf kina vituo vinne: kaburi, ngome, meli, jiwe. Nikikatizwa kwenye ngome najua kinachofuata ni meli, hata nikisahau maneno yote. Maneno yatakuja yakiwa mabichi, tena ya lugha yako. Kitu kimoja tu ninachokihifadhi neno kwa neno ni sentensi ya kwanza, kwa sababu wakati wa kuisema magoti hutetemeka na akili haipo. Ya mwisho pia, la sivyo hutajua kunyamaza.

Na sema lugha ya mamako. Barua yako umeiandika Kiswahili cha ofisini kabisa, nami nimeielewa, ni barua ya mwalimu. Lakini barazani, mbele ya watu wa Kuze na Kibokoni, ukisema "macho" badala ya "mato" na "nchi" badala ya "nti" kisa kizima, watakuona umekuja kuwasahihishia madaftari. Mtaa wenyewe uliofanyia mkutano wako umeng'ang'ania "ndia" hadi leo. Kibao kimekataa kuandika "njia". Waliokuja kutoka bara watafuata tu, Kimvita hakijamuua mtu.

Swali lako la chumvi ndilo zito zaidi, na nitalijibu kwa aibu yangu mwenyewe.

Miaka mingi nyuma nilikuwa nikisimulia kuzingirwa kwa ngome mwaka 1696. Nikaona kisa kimekuwa kikavu, ni njaa na maradhi tu. Nikamtia kijana mmoja wa ndani ya ngome na msichana wa mjini, wanapeana ishara kwa taa dirishani. Hakuna popote palipoandikwa, wala hakuna mzee aliyenipa. Nilikibuni bafuni. Watu walipenda mno, nikakirudia. Haikupita miaka miwili nikapita karibu na ngome nikamsikia kijana anayeongoza watalii akiwaonyesha dirisha. Dirisha lenyewe! Amewachagulia na dirisha. Sikuwa na uso wa kumwambia. Nikaenda zangu, na tangu siku ile kila nikipita pale namwona yule msichana ambaye hakuwahi kuzaliwa, amekaa juu ya watu waliokuwapo kweli.

Maana waliokuwapo kweli walikuwa wakubwa kuliko uzushi wangu. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Kufikia Agosti 1697 maradhi yalikuwa yamewamaliza Wareno wa ndani. Ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, na jamaa zake wachache, wanaume wa Kiafrika wasiofika kumi, na wanawake wa Kiafrika hamsini hivi. Wanawake hamsini! Kuta zile ambazo vitabu vya shule hutuambia ni za Wareno, kwa majuma kadhaa zilishikiliwa na Mswahili wa Faza na wanawake waliohesabiwa kwa jumla kama magunia, hadi msaada ulipofika Septemba. Na mimi nilikuwa nimehangaika kubuni msichana mmoja wa dirishani. Chumvi mara nyingi ni alama kwamba msimulizi hakutafuta vya kutosha.

Kisa hicho, siku utakapokuwa tayari nacho, kisimulie chini ya ngome upande wa maji. Waambie watu wanyamaze dakika moja wasikilize maji yanavyopiga mawe. Kisha waambie kuwa chini ya maji hayo ilizama meli ya Kireno iliyokuja kuokoa ngome, Santo António de Tanná, mwaka 1697, na kwamba wapigambizi wa mambo ya kale walikuja kuichimbua kuanzia 1977 hadi 1980. Baadhi ya vitu vilivyotolewa vimo ndani ya makumbusho, hatua chache tu kutoka walipokaa. Usisahau na mwisho wake: kundi jingine la meli za msaada lilifika siku chache tu baada ya ngome kuanguka, likaona bendera ya Omani juu, likageuza. Huhitaji kuongeza kitu hapo.

Lakini najua utaniuliza: je, yale ambayo hayakuandikwa tusiyaseme? Tutayasema, ila tuyatenge. Sisi watu wa pwani tumepata bahati kubwa ambayo wasimulizi wa miji mingine hawana. Kila aliyepita chuo cha Kurani anajua hadithi ya Mtume haipokelewi bila wapokezi wake: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani. Watu wetu wameshazoea kuuliza "umeipata wapi?" kabla ya kuuliza "kisha ikawaje?" Itumie. Mimi nina mahali patatu pa kusimulia. Nikisema yaliyoandikwa, nasimama. Nikisema niliyoyapokea kwa wazee, nakaa barazani, tena namtaja niliyeyapokea kwake na alikuwa wa mtaa gani. Nikisema ninayoyadhania mimi, naegemea mlango na kusema wazi, "Hapa nadhani." Sikuwahi kuwaeleza wasikilizaji kanuni hii hata siku moja. Kisa cha tatu kwisha, watoto walikuwa wameshaijua, na nikisahau kukaa hunikumbusha.

Hata yaliyoandikwa yana mwenye kalamu yake. Habari za usiku wa Yusuf zimetoka zaidi kwenye ushahidi wa viapo uliokusanywa Goa na kanisa, likitaka waliouawa watambuliwe kuwa waliifia dini. Upande wa Yusuf haukuulizwa. Mwambie msikilizaji wako hivyo, kwa sentensi moja, ukiwa umesimama.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukisimulia historia usianze na "Paukwa!" Najua inavutia, na watu wataitikia "Pakawa!" mpaka mbu wakimbie. Lakini paukwa ni mlango wa ngano. Tangu utotoni masikio yetu yamefunzwa kwamba baada ya pakawa anakuja sungura, na sungura huongea. Ukimleta Yusuf kwa mlango huo, umewaambia watu kabla hujaanza kwamba haya ni ya uwongo. Ngano ina usiku wake, na ni mzuri, usiuchanganye.

Tufike kwa mzee wako.

Umeniandikia kana kwamba alikuharibia. Mwanangu, yule ndiye mtu pekee kati ya arobaini aliyekusikiliza kwa makini hata akaudhika! Ulipaswa kushuka, umpe nafasi yako na kikombe cha kahawa, umwambie, "Babu, kaa hapa utuambie yalivyokuwa." Usiku wako ungegeuka usiku wa kwelikweli. Hukunieleza alipinga nini, ila naweza kubahatisha, maana wazee hukatiza kwenye mambo yale yale: asili ya mji, nani ni wa taifa gani kati ya Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na nani alimshinda nani. Ukisema mwanzilishi ni Shehe Mvita, atainuka wa kukuambia kabla yake alikuwako Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, jina la kale la mji huu, na kwamba mshairi Muyaka bin Haji alishautaja mji kwa jina la bibi huyo zaidi ya miaka 170 iliyopita. Ukianza na Mwana Mkisi atainuka mwingine. Simulia wote wawili. Mji wenye waanzilishi wawili una mambo mengi ya kusema kuliko wenye mmoja, hasa ukiuliza kwa nini mwanamke ndiye aliyesahaulika kwenye majina ya shule na barabara.

Mambo ya ushindi ni magumu zaidi. Wengi wetu tunapenda kusimulia Mombasa ya Wamazrui kama simba. Lakini mnamo 1812 watu wa Mombasa na wenzao wa Pate walikwenda kuipiga Lamu, wakapigwa huko Shela, kisiwani Lamu, vibaya sana. Ukikisimulia kisa hicho hapa mjini, utasikia viti vinasogea. Kisimulie tu. Ukiweza mlete mtu wa Lamu akisimulie upande wake na wewe upande wako, kama washairi wa miji hiyo miwili walivyokuwa wakijibizana enzi zile. Watu watajaa mpaka barabarani, maana hakuna kinachoita watu wa pwani kama malumbano yenye adabu.

Basi kabla ya usiku wowote, nenda ukapige hodi kwa wazee wawili watatu wa mtaa huo. Usiende na daftari siku ya kwanza. Nenda na halua. Waambie, "Nataka kusimulia jambo fulani, naogopa kukosea." Mzee aliyeshauriwa hakatizi, na akikatiza, anakatiza kwa kukuongezea. Nimewaona wakikaa mstari wa mbele wakitikisa kichwa kwa kila jina, na mtikiso ule mbele ya watu unakupa uzito kuliko shahada yako.

Kuna yenye maumivu pia. Kila siku matatu za kutoka Nyali hadi Bombolulu zinaita "Kengeleni! Kengeleni!" na abiria wanashuka bila kujiuliza ni kengele gani. Ni kengele ya Frere Town, makazi ambayo wamisheni wa Kianglikana wa CMS waliyaanzisha miaka ya 1870 kwa watu waliokombolewa kutoka utumwani. Wenyeji husimulia kwamba ilipigwa kuonya watu wakati wa hatari. Wajukuu wa watu hao wako, na wajukuu wa waliowamiliki wako, na huenda wakakaa mkeka mmoja usiku wako bila kujuana. Kisa kama hicho usikifanye cha kwanza. Kifanye baada ya watu kukuamini, na kabla ya hapo uende kwa wenyewe, uwaulize kama wangependa wasimulie wao. Ukiambiwa hapana, ni hapana. Nimewahi kuambiwa hapana, nikanywa chai yangu nikarudi.

Kitu kingine kitakachokusaidia zaidi ya kipaza sauti ni kitu cha mkononi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita hapa mwaka 1331, akalala usiku mmoja tu. Katika usiku huo mmoja aliona zaidi ya tuonavyo sisi wenyeji kwa mwaka. Kaandika kwamba chakula chetu kilikuwa ndizi na samaki. Kwamba watu walitembea peku, na misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa madhubuti, na mlangoni pana kisima kifupi na kata ya mti yenye mpini mwembamba. Mtu huosha miguu, hujipangusa kwenye jamvi, ndipo anaingia. Kataja na tunda linalofanana na zeituni, kokwa yake kama ya zeituni, ila ni tamu mno, na jina alilolisikia ni jamun. Mwanangu, hizo ni zambarau! Msimu wake ukifika nanunua kapu zima sokoni, nazigawa kimya kimya watu wakiwa wanakaa, bila maelezo. Wanakula, ndimi zinageuka zambarau, wanachekana. Halafu nasema, "Miaka karibu 700 iliyopita kuna mtu alikula hiyo hapa hapa." Naambiwa kuna watoto waliorudi nyumbani wakakataa kusukutua.

Ya mpangilio nitayapita haraka. Anza baada ya Isha, umalize mapema. Dakika 25 za kisa, na muda mrefu zaidi wa watu kuongea. Usiweke ngoma karibu na msikiti. Fikiria kina mama: kiwanja cha njiani, usiku, kitawapata wanaume na watoto, na wanawake watasikilizia madirishani. Mimi hupendelea ua wa nyumba kubwa ya zamani, mwenye nyumba akikubali, kwa sababu wanawake huja, na wakija wanawake visa huwa mara mbili. Mambo ya ndani ya nyumba hizo wao ndio wanayoyajua. Kipaza sauti kiache. Watu arobaini hawahitaji kipaza sauti, tena ukikileta tu atatokea mheshimiwa wa kutoa hotuba. Simu zisirekodi wazee bila ruhusa yao, hilo litangaze mwanzo kabisa.

Pesa hukuniuliza lakini utaniuliza. Kule Marrakesh, Morocco, kwenye uwanja wa Jemaa el-Fna, wasimulizi husimama ndani ya duara la watu, na kisa kikifika pale ambapo roho iko juu, hukata, wakapitisha kofia, ndipo waendelee. UNESCO iliutangaza uwanja ule mwaka 2001 miongoni mwa urithi wa binadamu wa kulindwa, na nadhani hata ile kofia imo. Kwetu sijaona ikifaa. Mtu wa Mvita ukimkatia kisa ili umdai pesa, ataondoka akakimalizie mwenyewe nyumbani, tena vizuri kukushinda. Weka muuza kahawa na dele lake na kashata, mkubaliane apunguze kidogo faida yake kwa ajili ya mikeka. Inatosha.

Tarehe nakupa mimi: 16 Agosti. Ndiyo siku ya Yusuf, kusi unavuma, joto limepungua. Wiki moja kabla, nenda kwa mzee yule aliyekukatiza. Usimwombe radhi wala usimdai. Mpelekee halua, umuulize jambo moja tu: wazee wake walisema kaburi la babake Yusuf lilikuwa upande gani? Muache afikiri, hata akinyamaza muda mrefu. Na siku yenyewe mwekee kiti mbele, chenye mgongo. Magoti ya umri ule hayapendi mkeka.